Maisha ya Mwalimu Ozella Pruitt Threadgill, Aliyekataa Kukizika Chuo cha Mlima Nebo

Kabla hatujafika kwenye kuzaliwa kwake, familia inaomba kulisahihisha gazeti. Gazeti la Jumatano hii limeandika kwamba amefariki "mwalimu wa mwisho wa chuo kilichokufa." Hayo ni makosa mawili katika mstari mmoja. Mwalimu Ozella hakuwa wa mwisho, na chuo hakijafa. Kilichofungwa ni ofisi. Anayetaka habari za chuo asimuulize mtu wa gazeti aliyehamia hapa juzi. Asikilize maisha ya huyu aliyelala mbele yetu, maana maisha yake na ya chuo ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Ukivuta mmoja, wa pili unakuja wenyewe.

Ozella Pruitt alizaliwa tarehe 11 Machi 1936 hapa Coffey's Bend, Alabama, katika nyumba ya mbao iliyokuwa nyuma ya mashine ya kuchambulia pamba. Alikuwa mtoto wa tatu wa Lonzo Pruitt, aliyelima kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu katika shamba la akina Ledbetter, na mkewe Birdie, aliyefua nguo za nyumba kubwa. Mama Birdie alisema mtoto huyu alikuja duniani amekunja ngumi zote mbili, na mkunga alipoikunjua moja ili aioshe, ikajikunja tena. Alibatizwa akiwa na miaka tisa katika bwawa la kanisa la Mount Nebo Baptist. Alipoinuliwa kutoka majini hakulia wala hakuimba. Alimuuliza mchungaji kwa nini amemziba pua bila kumwambia.

Kutoka mlangoni kwao kilionekana kilima cha chuo. Kinaitwa mlima, na mgeni akiucheka udogo wake tunamwacha acheke. Mwaka 1871, watu waliokuwa wametoka utumwani miaka sita tu nyuma walimwendea mzee Amos Ledbetter, aliyekuwa bwana wao, wakaomba mahali pa kujenga chuo. Hawakuomba shule ya kujifunza kuandika majina yao. Waliomba chuo chenye falsafa, Kilatini, nyota na mashairi, kama vile walivyosoma watoto wake yeye. Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Kisha akawapa kilima cha udongo mwekundu kisichoota pamba wala bamia, na hati yenye mkia. Mkia huo kila mtoto wa hapa huujua kabla hajajua Sala ya Bwana: mwaka wowote wa kalenda ukipita bila mwaka mpya wa masomo kufunguliwa juu ya kilima kile kwa somo la chuo lenye mwanafunzi mgeni, ardhi inarudi kwa uzao wa Ledbetter, pamoja na kila kilichojengwa juu yake na kila aliyezikwa ndani yake. Alidhani kitarudi kabla ya mavuno. Yeye ndiye aliyerudi mavumbini, na kilima kipo.

Ndiyo maana tuna Somo la Kwanza. Kila Jumatatu ya kwanza ya Septemba watu wa Coffey's Bend hupanda kilimani, na mwanafunzi mgeni, awe na miaka kumi na sita au sitini, husimama mbele ya wote na kuuliza swali moja. Haonyeshi anachokijua, hapana. Anauliza asichokijua na kinachomnyima usingizi. Siku hiyo haruhusiwi mtu yeyote kumjibu. Atashuka nalo, atalala nalo, na chuo kitamsaidia kulitafutia jibu miaka yote atakayokaa. Na ukishauliza, umeshakuwa mwanafunzi. Hapo hakuna cha kuandikishwa tena.

Matajiri wa kaskazini walikuja mwaka 1909 wakaahidi majengo ya matofali, kwa sharti kwamba Kilatini kiondolewe na mabinti wafundishwe kufua na kupiga pasi. Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Bi Drusilla Vance, binti wa mtumwa. Aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaambia, "Kufua tunajua tayari. Tuleteeni tusichokijua." Matofali hayakuja. Chuo kikajengwa kwa mbao, na mwaka 1921 watu fulani, ambao majina yao yalijulikana na hayakuandikwa popote, wakakichoma. Bi Drusilla alifundisha kesho yake juu ya majivu, viatu vyake vikifuka moshi. Katika habari hizo ndimo Ozella alimokulia. Hakusimuliwa kama hadithi za kulalia. Alisimuliwa kama mtu anavyoonyeshwa mpaka wa shamba lake.

Alisoma shule ya msingi ya watoto Weusi pale barabara ya mtoni, akiingia darasani pamba ikiisha na kutoka pamba ikianza. Dada yake Lovie aliishia darasa la sita ili mikono ya shambani itoshe na Ozella aendelee. Jambo hilo halihitaji mtu kutoa kitambaa cha machozi hapa. Lovie alichagua mwenyewe na hajawahi kuomba kuhurumiwa. Septemba 1954 Ozella alisimama kilimani kwa Somo la Kwanza, amevaa gauni lililoshonwa na mama yake, akauliza, "Kwa nini wanaochuma pamba hawana shuka za pamba?" Baba yake, aliyesimama nyuma na kofia mkononi, aliinamisha kichwa, maana msimamizi wa shamba la Ledbetter alikuwa amekuja kutazama. Januari iliyofuata akina Pruitt wakaambiwa watafute shamba lingine. Mzee Lonzo alipakia vyombo kwenye gari la nyumbu, na watu walipomwambia binti yake amemponza, alijibu kwamba swali lenyewe alikuwa nalo yeye tangu mwaka 1919, ila hakupata pa kuliulizia.

Alihitimu Mei 1958, wa kwanza katika darasa lake. Alikwenda Ohio kwa shahada ya pili, akaandika nyumbani kwamba huko ni baridi na watu wanakutabasamia bila kukusalimu. Walimtaka abaki. Mwaka 1962 alirudi na sanduku lile lile aliloondoka nalo, safari hii likiwa zito kwa vitabu, akaanza kufundisha Kilatini na mantiki kwa mshahara ambao mpishi wa hoteli angeukataa.

Mwaka uliofuata, wanafunzi wake walikwenda kukaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la dawa mjini, mahali ambapo Mweusi alikuwa haruhusiwi kukaa. Walifungwa. Mwalimu Ozella hakuona sababu ya kuvuruga ratiba. Saa nne, saa ya Kilatini, alisimama kwenye uchochoro chini ya dirisha la jela na kitabu chake, akaita majina, nao wakaitika kutoka ndani mmoja mmoja. Askari alimfuata Mama Birdie, aliyekuwa ameleta chakula, akamuuliza huyo binti yake anasema lugha gani.

"Ya watu waliokufa zamani," Mama Birdie akamwambia.

Askari alihama dirishani, na somo likaendelea mpaka saa tano. Darasa lile lote lilifaulu mtihani.

Kuhusu ndoa yake, wengi mnaijua, lakini vijana waisikie vizuri. Cleophus Threadgill alikuwa kinyozi wa barabara kuu, kijana mtanashati, nywele zimepakwa mafuta hata nzi hawezi kutua. Septemba 1964 alipanda kilimani siku ya Somo la Kwanza, si kwa ajili ya elimu. Wageni walipomaliza kuuliza, naye akasimama na suti yake ya Pasaka. "Mimi nina swali," alisema. "Mwalimu Pruitt ana mchumba?"

Watu walicheka mpaka akina mama wakashikana mabega. Dakta Hollis, rais wa chuo, hakucheka. Alisema hakuna kumjibu, na kwamba kijana huyo sasa ni mwanafunzi, na Kilatini ni kesho saa nne. Cleophus alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Alikaa darasani mwaka mzima, mstari wa mbele, akinukia marashi, na wateja wake wakajifunza kunyolewa jioni. Mwisho wa mwaka Mwalimu Ozella alimpa alama za kupita kwa kusukumwa, na baada ya kumpa alama akampa jibu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Juni 1965 katika kanisa hili. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lucius na Corinne. Cleophus alitangulia mwaka 2004, na hadi anafariki alikuwa akiwanyoa watu huku akiwanyambulia vitenzi vya Kilatini, watake wasitake.

Sasa tufike mwaka 1997, ambao gazeti linauita mwaka wa kifo. Ni kweli chuo kilikuwa hoi. Kilikuwa kimenyang'anywa ithibati, mabati yalivuja, na watoto wetu, ambao sasa walikubaliwa katika vyuo vikubwa vilivyowafukuza bibi zao, walikuwa wakienda huko, na hatuwalaumu. Mei, wadhamini walipiga kura ya kufunga. Rais wa chuo wa wakati huo alitoa hotuba ndefu kuhusu kuaga kwa heshima. Mwalimu Ozella alisimama akasema, "Aage anayeondoka," akakaa. Lango likatiwa mnyororo. Kanisa likachukua hati na jina la chuo, kwa hiyo chuo kilikuwa na jina, kilikuwa na kilima na kilikuwa na mwalimu. Kilichokosekana ni mshahara.

Mjukuu wa mjukuu wa mzee Amos, Grady Ledbetter, alikuwa ameshaongea na kampuni iliyotafuta mahali pa dampo la taka za miji mitatu. Kilima chetu kilikuwa kimewapendeza. Wanajua kuchagua, dampo halijawahi kupelekwa mtaa wa akina Grady. Kwa hiyo Jumatatu ya kwanza ya Septemba, Mwalimu Ozella alipopita penye tundu la uzio na kiti chake cha kukunja, akifuatwa na mumewe, dada yake na akina mama wa kwaya, Grady aliwapigia polisi. Akaja naibu wa sherifu, Dontrell Sykes, ambaye miaka mitatu tu nyuma alikuwa amesomeshwa mantiki na Mwalimu mwenyewe.

"Bi Ozella, nimetumwa nikutoe."

"Umechelewa, Dontrell. Somo limeanza saa tatu. Vua kofia, ukae."

"Mama, niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Tofauti yetu ni kwamba wewe unalipwa."

Dontrell alizima redio yake, akakaa. Alimwambia mkubwa wake kwamba hakukuta wavamizi, alikuta darasa, na kwamba yeye mwenyewe amepewa kazi ya kufanyia nyumbani. Tangu siku ile Somo la Kwanza halikukosa, na baada yake Mwalimu alifundisha kila Jumatatu yeyote aliyekuja: wazee, mafundi magari, wasichana waliopata mimba wakaacha shule. Majengo yaliota magugu mpaka madirishani. Yeye alifundisha nje, na mvua ikinyesha alifundishia barazani mwa maktaba iliyobaki nusu paa.

Tarehe 24 Agosti 2011 alianguka jikoni kwake kwa kiharusi. Upande wake wa kulia ukafa, na maneno yakawa yanatoka kama maji kwenye bomba bovu. Na hapo ndipo sisi wenyewe tulipofanya kosa ambalo Grady Ledbetter na mawakili wake wasingeweza kulibuni. Ilipofika Jumatatu ya kwanza ya Septemba, watu walijaa kilimani kuliko mwaka wowote. Mchungaji Boykin, ambaye ameruhusu jambo hili lisomwe, alisema, "Ndugu zangu, leo tutafundishaje na mwalimu wetu yuko kati ya uhai na mauti? Leo ni siku ya kupiga magoti." Hakuna aliyemkatalia. Nani kwetu akatae maombi? Tuliomba, tukaimba, tukalia, mashemasi wakaanguka kifudifudi kwenye udongo, tukashuka tukiwa wepesi wa moyo. Ilikuwa ibada nzuri kweli. Lakini hakuna aliyeuliza swali, na hakuna aliyefundisha.

Mwezi wa Oktoba waraka wa mawakili ukafika kanisani. Walikuwa na picha, walikuwa na ratiba yetu ya nyimbo. Sala si somo, waliandika, na mwaka ukimalizika hivyo, kilima ni mali ya Bwana Ledbetter. Kila mmoja aliogopa kumwambia Mwalimu, maana daktari alisema asishtuliwe. Wengine walipendekeza mtu mwingine afundishe, na kila aliyetajwa alimtaja mwenzake. Wakati huo waliamini, kama gazeti linavyoamini leo, kwamba chuo ni Ozella.

Lovie alivumilia hadi Desemba, kisha akaenda hospitalini akamwambia.

"Septemba mlifanya nini?" mgonjwa akauliza.

"Tulikuombea."

"Nani alifundisha?"

Lovie alitazama dirishani.

"Mungu nilikuwa naye hapa," alisema Ozella kwa upande mmoja wa mdomo, taratibu, neno kwa neno. "Kule juu mlitakiwa ninyi."

Akataka aletewe koti lake. Daktari alikataa. Lucius, aliyekuwa amekuja kutoka Detroit, alimpigia magoti, akamwambia baridi ya kilimani itamuua. "Basi hamtanibeba mara mbili," mama yake akamjibu, maana makaburi yetu yako kule kule juu. Ijumaa tarehe 30 Desemba, chini ya manyunyu, Dontrell na mashemasi walimpandisha na kiti chake cha magurudumu, matairi yakizama kwenye tope jekundu. Watu walibeba viti vya kanisa vichwani.

Ofisi ya mawakili wa Grady ilituma kijana, Bwana Whitlow, aje ashuhudie kwamba hakuna somo ila maigizo ya mgonjwa. Alisimama nje kidogo na mwavuli na viatu vyake vya ngozi nyororo. Mwalimu alimwita. Alimwambia anayesimama nje ya darasa hawezi kujua kama kimefundishwa kitu. Akitaka kushuhudia, akae. Kijana alikuwa na adabu ya kwao, akakaa. Mama mmoja wa kwaya akampa nusu ya blanketi lake.

Somo lilikuwa la mantiki. Mwalimu aliandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda upande kama mbuzi waliotawanyika: penye mwalimu, na mwanafunzi, na swali, hapo pana somo. Akawauliza kama hiyo ni kweli. Wakabishana. Shemasi Purvis alitaka kujua itakuwaje kama mwalimu mwenyewe ni mbovu, akaambiwa ajitazame yeye na madarasa yake ya Jumapili. Walipokubaliana kwamba ni kweli, Mwalimu akaanza kuhesabu kwa kidole. Mwalimu yupo, ana nusu mdomo. Wanafunzi wapo, wamelowa. "Kimebaki nini?"

Hapo ndipo lilipokuwa shimo. Sisi sote tulikuwa tumeshauliza maswali yetu zamani, na mwaka ule hatukuwa na mgeni. Somo la Kwanza bila swali la mgeni halijawahi kuwako tangu 1871. Watu wakatazama matope. Mvua ikaongezeka.

Ndipo Bwana Whitlow akainua mkono, meno yakigongana kwa baridi. "Samahani, Mama," alisema. "Naomba nielewe kwa ajili ya taarifa yangu. Hili ndilo somo lenyewe, au bado mnajiandaa?"

Shemasi Purvis alifungua mdomo amjibu, na Mwalimu Ozella akainua ule mkono mzima. "Asijibiwe," alisema.

Hapo watu wakaelewa. Walisimama, wakapiga makofi na miguu mpaka kunguru wakaruka kutoka maktabani, na yule mama wa kwaya akamkumbatia kijana wa watu pamoja na blanketi. Yeye alikuwa akiuliza tu amefanya nini. Mwalimu alimsubiri atulie. "Karibu Chuo cha Mlima Nebo, mwanangu," akamwambia. "Mantiki ni Jumatatu."

Kesi ilisikilizwa Mei 2012. Upande wa Grady ulisema kuuliza swali hakumfanyi mtu kuwa mwanafunzi. Jaji akataka kujua kama iliwahi kutokea mtu akawa mwanafunzi kwa swali tu. Lovie akapanda kizimbani akaeleza habari za shemeji yake kinyozi, na hata karani wa mahakama akaacha kuandika ili acheke. Kisha Bwana Whitlow akaulizwa, chini ya kiapo, kama siku ile alifundishwa kitu. Akasema ndiyo, na kwamba tangu siku ile amekuwa akilifikiria. Hukumu ikawa yetu. Lile shada la maua meupe pale kushoto limetoka kwake. Familia imelipokea.

Kuna waliosema Mwalimu alikuwa amempangia kijana mtego tangu alipomwona na mwavuli. Alipoulizwa alisema tu kwamba mtu akikaa darasani na masikio yake, swali halina budi kumtoka. Baada ya hukumu alifundisha miaka mingine saba kutoka kwenye kiti chenye magurudumu. Watu walirudi. Nusu ya pili ya paa la maktaba ilirudishwa kwa mikono ya watu hawa hawa mnaowaona hapa.

Mwaka jana figo zake zilichoka. Alikwenda kusafishwa damu mjini mara kwa mara, akisahihisha kazi za wanafunzi huku mashine ikifanya kazi yake, na wauguzi wawili wakamalizia kwa kujiunga na darasa. Mwezi Julai mwaka huu aliomba apelekwe nyumbani na mashine ziachwe. Hakuogopa. Kitu kimoja tu kilimsumbua, nacho alikisema kwa mjukuu wake Renata, binti wa marehemu Corinne, anayepiga hesabu za bima kule Birmingham.

"Septemba utafundisha wewe."

"Bibi, Kilatini sikijui. Mimi najua hesabu tu."

"Kwani hesabu imekatazwa kilimani?"

"Sijawahi kufundisha hata mtoto mmoja."

"Na mimi, nilipoanza, nilikuwa nimewahi?"

Renata alilia, akasema hawezi, akaenda kuketi barazani. Bibi yake hakumfuata kwa maneno. Alimwagiza Lovie ampelekee maji ya kunywa na chaki.

Mwalimu Ozella alifariki nyumbani kwake Jumatano tarehe 21 Agosti 2019, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa dada yake. Ulikuwa umekunja ngumi, na hatukuukunjua.

Siku ya tatu ya msiba, Grady Ledbetter alipiga simu kanisani. Alitoa pole kwa sauti laini, akasema marehemu alikuwa mwanamke wa pekee. Halafu akauliza, kwa upole ule ule, kama Jumatatu kule kilimani kutakuwa na chochote, au kwa heshima ya marehemu watu watapumzika mwaka huu. Mchungaji alisema familia itamjibu. Jibu la familia ni hili, na kwa kuwa limechapwa kwenye programu hii ya mazishi, anaweza kupelekewa nakala.

Mazishi haya si somo. Tumeshakosea hivyo mara moja na hatutarudia. Leo tutamlaza karibu na Bi Drusilla Vance, tutalia tunavyotaka, kisha tutashuka ukumbini kula kuku wa kukaanga, mboga na pai ya viazi vitamu, kama inavyostahili. Lakini Jumatatu tarehe 2 Septemba, saa tatu asubuhi, kuna Somo la Kwanza. Mliotoka Detroit, Cleveland na Chicago mkakata tiketi za Jumapili, zibadilisheni. Njooni na viti. Dontrell atakuwa langoni, na mnyororo ameupeleka nyumbani kwake, anafungia mbwa. Renata hajasema ndiyo. Ila jana asubuhi Lovie alimkuta nyuma ya nyumba akiandika tarakimu kwenye ubao wa kukatia mboga, akifuta, akiandika tena, akiongea peke yake kama mtu anayeeleza jambo kwa wakaidi. Huyo ameshaanza. Wageni ambao hawajawahi kuuliza, na tunajua mpo, njooni na maswali yenu.

Mwalimu Ozella ameacha mwana wake, Lucius Threadgill, na mkewe Yvette, wa Detroit. Mjukuu wake, Renata Coles, wa Birmingham. Dada yake, Lovie Pruitt Hatcher, aliyeandika maneno haya. Wapwa, binamu na watoto wa ubatizo wasiohesabika. Akina mama wa kwaya ya Mount Nebo. Na wanafunzi wa Chuo cha Mlima Nebo, wa jana, wa leo na wa keshokutwa saa tatu.

Yeye apumzike kwa amani, kazi yake ameifanya. Sisi hatujaruhusiwa.